Kilwa Kwanza au Lisbon Kwanza?

Orodha za mahali pa kale pa kwenda kuona hufanana. Giza imo, Petra imo, Machu Picchu imo, na Ukuta Mkuu wa China haukosi. Kilwa Kisiwani huikuti katika nyingi, ingawa UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia tangu 1981, pamoja na magofu jirani ya Songo Mnara. Nina upande katika jambo hili na sitauficha. Ila hoja zangu zimekomaa kwa kubishiwa, kwa hiyo nauleta ubishi wenyewe, kwa sauti nne nisizozipa majina. Msafiri ni mwanamke wa makamo aliyefanya kazi Ulaya na kutembea sana. Mwalimu amestaafu baada ya kufundisha historia sekondari. Fundi ni mwashi wa pwani ya kusini, mtu wa chokaa na mawe. Bibi ni mkazi wa Kisiwani, na magofu ni jirani zake wa kila siku. Swali lililo mbele yao ni hili: mwenye fedha ya safari moja tu ya kwenda kuona mji wa kale, aende wapi?

MSAFIRI: Shikamoo Bibi, shikamoo Mwalimu. Naomba nianze, maana najua mtanipinga nyote. Nimesimama chini ya piramidi ya Khufu. Ilipomalizika, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi, na kwa zaidi ya miaka 3,800 hapakuwa na jengo duniani lililoizidi. Mawe yake yanakadiriwa kufika milioni 2.3. Ukifika pale huhitaji kuambiwa kitu. Unatazama juu, unanyamaza. Kilwa nayo nimefika. Nimeona kuta zilizobomoka na nyasi, na mwongozaji mwenye maneno mengi. Mahali panapohitaji maelezo ya saa nzima ndipo papendeze, sioni haki kumwambia mtu atumie akiba yake ya miaka kupafuata.

MWALIMU: Marahaba. Sasa nikuulize, pale Giza uliponyamaza ulikuwa umeelewa nini? Kwamba ni kubwa. Watu wamesimama hapo karne na karne, wakaelewa hivyo hivyo, kisha wakaondoka wanaamini kwamba imejengwa na watumwa waliochapwa viboko. Wako wanaosema hata leo kwamba ilijengwa na viumbe wa sayari nyingine, kwa sababu hawako tayari kumpa Mwafrika heshima ya kazi yake. Ukweli ulianza kuonekana wachimbuaji walipofikia makaburi ya wajenzi wenyewe, kuanzia 1990: watu waliozikwa kwa heshima karibu na mfalme wao. Halafu mwaka 2013, Wadi al-Jarf kwenye ufuko wa Bahari ya Sham, yakapatikana mafunjo ambamo afisa aitwaye Merer aliandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura kwa mashua hadi Giza. Hayo ndiyo maelezo ya saa nzima, mama. Giza inayahitaji kama Kilwa inavyoyahitaji. Tofauti ni kwamba ya Giza uliyasikia tangu ukiwa mtoto, ukadhani umezaliwa nayo.

MSAFIRI: Nakubali yale ya Merer yamenigusa zaidi ya kimo cha mita 146. Lakini kimo ndicho kilichonipeleka.

FUNDI: Mniwie radhi wakubwa zangu, niseme kama fundi. Ukiingia Husuni Kubwa, lile jumba la mfalme lililo juu ya genge upande wa mashariki, utaona jambo ambalo wageni hulipita. Jumba lina vyumba zaidi ya 100, lina birika la kuogelea la pembe nane, lina ngazi za kushukia baharini. Lakini pima vyumba vyenyewe. Ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita mbili na nusu, tatu. Mwenye mali kiasi hicho kwa nini akae chumba chembamba? Kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ukiizidishia urefu inapinda kwa uzito wa mawe na chokaa ya juu. Upana wa chumba cha mfalme uliamuliwa na mti wa pwani. Mimi nikiona hilo namwona fundi mwenzangu akipima, akikataa, akimwambia sultani kwamba hapa haiwezekani.

Nenda sasa Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 au ya 12. Ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa tena karne ya 15. Katika kule kujenga tena waliachana na boriti, wakapandisha nguzo za pembe nane na matao, juu yake kuba, na baina ya kuba madari yaliyopinda nusu duara. Zege lao ni vipande vya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo kwa kuni za mikoko. Hawana chuma hata kimoja. Simama katikati utazame matao yanavyofuatana, ukijua kwamba yaliyotangulia yalianguka, na kwamba mtu alikaa akafikiri kwa nini yalianguka. Mimi hapo huwa sisikii njaa wala jua.

BIBI: Na ndani pana baridi, mwanangu. Watoto wanapajua kwa hilo.

Hapa niingie kidogo. Fundi amenipa kipimo bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo kabla ya kumsikiliza. Jengo la kale linastahili safari pale ambapo unaweza kuona uamuzi wa mtu ndani yake. Ukubwa unaonyesha nguvu ya mfalme. Chumba chembamba na nguzo iliyojengwa mara ya pili vinaonyesha akili ya fundi, na hiyo haionekani kwenye picha. Lazima uende ukasimame ndani. Ila Msafiri hakushindwa. Alikuwa ameweka akiba hoja ambayo Mwalimu hakuitarajia.

MSAFIRI: Haya, tuiache Giza. Niwapeleke Lisbon. Kuna Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, na ndani yake kuna monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili iabudiwe. Ni ya dhahabu, kimo chake sentimita 73. Katikati pana kioo, na kukizunguka mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake, nguo zao zimepakwa rangi za kuyeyushwa kwa moto. Juu yao kuna njiwa, na juu kabisa Mungu Baba ameshika dunia mkononi. Kwenye shina kuna matufe sita ya pete, alama ya Mfalme Manuel I. Kazi hiyo inasadikiwa kuwa ya Gil Vicente. Watu wanaizunguka taratibu, wanashangaa vidole vya mitume vilivyochongwa vidogo namna ile. Nami nilikuwa nikishangaa, mpaka nikainama kusoma maandishi ya kwenye kitako. Yanasema Mfalme Manuel aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Kilwa yenyewe. Imeandikwa kwa tahajia yao, Qilva, lakini ni hii hii.

Basi hapo ndipo nikasema: tunashindania nini? Mtu anayetaka kuona mali ya Kilwa aende Lisbon. Hapa zimebaki kuta.

MWALIMU: Subiri. Hiyo dhahabu ilifikaje kule? Hukulisoma hilo kwenye kitako, kwa sababu halikuandikwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga hapa na kundi la merikebu za kivita. Akamtisha mtawala, Amir Ibrahim, kwamba mji utapigwa mizinga. Ibrahim akakubali kulipa mithkali 1,500 za dhahabu, zaidi ya kilo sita. Dhahabu hiyo ikafika Lisbon mwaka uliofuata. Kodi gani hiyo inayolipwa na mtu aliyewekewa mizinga mlangoni? Halafu mwezi Julai 1505 akaja Francisco de Almeida. Hakuja kujadiliana. Askari waliteremka, mji ukaporwa, Ibrahim akakimbia. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwemo kwenye msafara ule, ameacha maelezo ya mji wenyewe, na ametaja nyumba imara za ghorofa kadhaa. Aliziona zikiporwa. Wakajenga ngome yao haraka haraka, na baada ya miaka saba, 1512, wakaihama. Wengi huonyeshwa Gereza, ile ngome ya ufukweni, wakaambiwa ndiyo ngome ya Wareno. Sehemu kubwa ya unaloliona leo ni kazi ya wakati wa Waomani, mnamo 1800. Ya Wareno imebaki chini.

MSAFIRI: Na kaburi la da Gama lipo Belém, hapo hapo Lisbon, ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos. Monstransi ilitengenezewa monasteri hiyo hiyo. Nayo ni Urithi wa Dunia, tangu 1983, na foleni ya watu wanaoingia ni ndefu kupita maelezo. Jengo zuri mno, Mwalimu, siwezi kusema vinginevyo. Mawe yake yamechongwa kamba za meli na matufe, na fedha za kulijenga zilitokana kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya viungo kutoka Mashariki. Nawaambia haya ili mjue kwamba sikwenda pale nikafumba macho.

MWALIMU: Basi umeshanijibu mwenyewe. Mtu akienda Belém bila kupita Kilwa, ataona uzuri na hatajua bei yake nani aliilipa.

MSAFIRI: Na akija Kilwa bila kufika Belém, ataona hasara na hatajua ilikwenda wapi. Hoja yako inakata pande zote mbili.

FUNDI: Mnabishania dhahabu ilikokwenda. Mimi nauliza ilikotoka. Kisiwa hiki hakina mgodi.

Swali la Fundi ndilo lililonifungulia mlango. Dhahabu ilitoka bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe ya leo. Ilishuka mpaka bandari ya Sofala, Msumbiji, na Kilwa ikawa tajiri kwa kuishika njia ya Sofala. Kule bara, karibu na mji wa Masvingo, umesimama mji wa mawe wa Zimbabwe Kuu, uliojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Ukuta wake wa duara wa nje una mzunguko wa mita 250 hivi, na mahali pengine unafika kimo cha mita 11. Mawe ni matale yaliyopangwa moja juu ya moja bila chokaa wala udongo wa kuyashika. Waliochimba humo walikuta kauri za China na shanga za kioo zilizopitia pwani. Tena walikuta sarafu ya Kilwa yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani yule yule aliyejenga Husuni Kubwa.

Sarafu ya shaba isiyozidi ukucha wa kidole gumba, iliyosafiri mamia ya kilomita kutoka baharini. Sijui hoja nyingine fupi kuliko hiyo kwa anayedai kwamba pwani na bara vilikuwa dunia mbili.

MWALIMU: Na Zimbabwe Kuu ilifanyiwa kilichofanyiwa Giza, kwa ubaya zaidi. Karl Mauch alifika 1871 akasema ni kazi ya Malkia wa Sheba. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema waziwazi kwamba ni kazi ya Waafrika wa hapo. Gertrude Caton-Thompson akathibitisha 1929. Bado serikali ya walowezi ya Rhodesia ilitaka vitabu vya kuongozea wageni vinyamaze juu ya hilo, na mwanaakiolojia Peter Garlake aliondoka nchini 1970 kwa sababu hakukubali kunyamaza. Fikirini serikali nzima inaogopa ukuta. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: mahali panapopiganiwa namna hiyo ndipo pa kwenda.

BIBI: Mwalimu, nawe unasema sana ya wafalme. Hapa nyumbani tunahadithia kwamba mtu wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo. Nguo zilitandikwa zikakizunguka chote, na mwenye kisiwa akazichukua akahamia bara. Ni kweli au si kweli?

MWALIMU: Bibi, hadithi hiyo imo katika tarikhi ya Kilwa ya zamani sana, na Wareno nao waliinakili katika karne ya 16. Sina ruhusa ya kuiita uongo. Lakini waliochimba, hasa Neville Chittick aliyefanya kazi hapa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, walikuta kwamba watu wa kisiwa hiki walikuwa wavuvi, wafua chuma na wafinyanzi muda mrefu kabla ya mji wa mawe kuanza. Mji ulikua kutoka ndani yao. Aliyekuja alikuta watu.

BIBI: Ndivyo hadithi isemavyo pia. Alimkuta mwenyewe, akamnunulia. Hakukuta kisiwa kitupu.

Bibi hapa alimsahihisha Mwalimu, na Mwalimu akakubali. Hadithi ya nguo mara nyingi husomwa kama habari ya aliyekuja. Bibi anaisoma kama habari ya aliyekuwepo, mwenye mali na mwenye kauli ya kuuza. Kuanzia siku niliyoisikia hivyo siwezi tena kuisimulia kwa namna nyingine.

MSAFIRI: Naomba sasa nimuulize Mwalimu swali gumu. Unatuonyesha Kilwa iliyoporwa. Je, Kilwa yenyewe haikupora?

MWALIMU: Ilipora. Ibn Battuta alifika hapa 1331, wakati wa al-Hasan huyo huyo, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakamsifu. Mwanawe akazikomboa kwa fakiri yule kwa watumwa 10. Sultani alipoona watu wamefurahi, akaamuru fakiri aongezwe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Nilipokuwa nafundisha kisa hicho, darasa lilikuwa likicheka mpaka pale kwenye nguo, kisha nawauliza: wale watu 20 walikuwa nani? Walitoka wapi? Ibn Battuta huyo huyo anasema sultani alikuwa akienda vitani bara mara kwa mara na kurudi na nyara. Ukarimu wa Husuni ulikuwa na watu chini yake.

FUNDI: Na chokaa nani aliichoma? Matumbawe nani aliyabeba kutoka mwambani? Mimi ninayejua uzito wa kikapu kimoja, siwezi kutazama vyumba 100 nisifikirie migongo.

MSAFIRI: Basi semeni hivyo kwa wageni. Mimi nilipoletwa sikuambiwa neno juu ya hao 20. Niliambiwa juu ya birika na sultani mkarimu.

MWALIMU: Una haki. Na ukienda Kilwa Kivinje, hapo bara kaskazini kidogo, utaona mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa moja ya bandari kubwa za biashara ya watumwa, kisha ukawa kituo cha Wajerumani walionyonga watu wa vita vya Majimaji. Safari ya Kilwa isiyofika Kivinje haijatimia. Nimewaambia wanafunzi wangu hivyo miaka yote.

FUNDI: Kuna jingine la Ibn Battuta linanisumbua, Mwalimu. Inasemekana aliandika kwamba nyumba za Kilwa ni za miti. Na msikiti wa mawe ulikuwepo, na Husuni ilikuwa inajengwa au imejengwa. Alikuwa hana macho?

MWALIMU: Habari zake ziliandikwa 1355, miaka zaidi ya 20 baada ya kupita hapa, kwa kumsimulia mwandishi. Wako wanaodhani waandishi walichanganya. Wako wanaosema aliona kweli.

BIBI: Aliona kweli. Nyumba za watu wengi ni za miti na udongo na makuti. Leo ni hivyo, na zamani nyumba za mawe zilikuwa za wenye navyo. Mgeni akifika usiku akilala kwa watu, ataandika nyumba za miti.

Hoja hiyo nimeipenda kwa sababu inatoka kwa mtu anayeishi ndani ya jambo lenyewe. Nami naona hapo ndipo Kilwa inapoizidi Giza. Magofu hayajafungiwa uzio mkubwa wa watalii. Mji umeendelea kuwa mji. Makaburi ya zamani yapo kando ya njia ya kwenda shamba. Ukipita na mwenyeji anaweza kukwambia ni wapi watu bado husimama wakasoma dua. Hilo lina gharama yake kwa wakazi, na Bibi hakuliacha lipite.

BIBI: Mnasema wageni waje. Wanakuja. Wanashuka kwenye boti asubuhi, wanazunguka na kofia zao, saa sita wanarudi Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo huko bara, kula. Kibali wamekata Masoko, chakula wamekula Masoko, kitanda kiko Masoko. Sisi tunapewa mkono wa kwaheri. Na jiwe la hapa hatuna ruhusa ya kulisogeza, na ni haki, maana tukilisogeza litakwisha. Ila anayelilinda kila siku ni nani? Bahari ilipokuwa inaila Gereza, ni sisi tuliokuwa tunaiona inaila.

MWALIMU: Kweli, Bibi. Ndiyo sababu mwaka 2004 UNESCO iliyaingiza magofu haya katika orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutolewa humo mpaka 2014, baada ya kazi ya kuimarisha kuta na kuzuia mmomonyoko wa ufuko. Na kazi ile isingefanyika bila mikono ya wakazi.

FUNDI: Na haikuisha. Mikoko ikikatwa, mawimbi yanarudi. Chokaa ikichanganywa na saruji na fundi asiyejua, ukuta unapasuka, kwa sababu saruji ni ngumu na haipumui, na ukuta wa zamani unataka kupumua. Vijana wa hapa wafundishwe uchomaji wa chokaa na wapewe ajira ya kudumu. Hilo lingesaidia kuliko mabango.

MSAFIRI: Ngoja niwachokoze kwa mara ya mwisho. Ile monstransi, turudishiwe au tusirudishiwe? Dhahabu ni ya kutishwa, mmesema wenyewe. Ethiopia ilidai mnara wake wa Aksum, tani 160 za jiwe, uliochukuliwa na Waitalia 1937, ukarudi 2005 vipande vipande na kusimamishwa tena 2008. Zimbabwe ilirudishiwa sehemu ya ndege wake mmoja wa mawe kutoka Ujerumani 2003. Sisi tumekaa kimya.

MWALIMU: Turudishiwe. Angalau ije iazimwe, wanafunzi waione.

FUNDI: Mnara wa Aksum ulichongwa Aksum. Monstransi imefuliwa na sonara wa Lisbon. Dhahabu ni yetu, mkono ni wao. Utavitenganishaje?

BIBI: Na ije ikae wapi? Hapa ni kisiwa cha Waislamu. Hicho ni chombo cha ibada ya wenzetu, kina heshima yake kwao. Nikiwekewa mbele ya msikiti sitajua nikifanyie adabu gani. Mimi sikitaki. Nataka wale wanaokizunguka kule waambiwe yote, habari ya mizinga na habari ya Ibrahim. Na hapa nasi tuwe na maandishi yale, tuyasome, watoto wayasome, wajue jina la kisiwa chao limechorwa wapi.

MWALIMU: Bibi, sikuwa nimelifikiria hivyo. Naondoa neno langu la kurudishiwa. La kuazima nabaki nalo, hata kama litakaa Dar es Salaam.

Msimamo wangu ni huu. Aliye Tanzania au Kenya na ana fedha ya safari moja, aende Kilwa. Ashuke kwa barabara ya kusini, avuke Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, akate kushoto Nangurukuru, alale Masoko usiku mmoja na Kisiwani au Kivinje usiku mwingine. Asiende wakati wa masika. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, na watu walikwama njiani. Akipata safari ya pili, aende Masvingo akaone mawe yasiyo na chokaa. Ya tatu ndiyo Lisbon. Kwa utaratibu huo anaifuata dhahabu, na kila kituo kinamfafanulia kilichotangulia. Giza ipo na itakuwepo.

MSAFIRI: Mimi bado nakataa kidogo. Wanetu walio Ulaya hawataanzia Masvingo. Lisbon kwao ni ndege ya saa chache. Waanzie pale, wainame wasome kitako, kisha wataitafuta Kilwa wenyewe. Mimi ndivyo nilivyorudi.

MWALIMU: Wakijua pa kuinama.

MSAFIRI: Ndiyo maana nasema tuwaambie. Na yale maandishi aliyotaka Bibi, nitayaleta mimi. Nitayanakili herufi kwa herufi, na chini yake tafsiri ya Kiswahili.

FUNDI: Usilete karatasi. Chumvi ya hapa haiachi karatasi. Bati nalo litakula kutu. Wazee walikuwa wakichonga matumbawe laini yakiwa bado na maji ya bahari. Matumbawe hai mimi siyakati, bahari imeshachoka. Ila naweza kupiga lipu ya chokaa juu ya jiwe la zamani lililoanguka, nikachora ndani yake ikiwa mbichi. Itakaa miaka mingi.

BIBI: Liwekwe huku Kisiwani, si Masoko.

MWALIMU: Jiwe lililoanguka haliguswi bila kibali, Fundi. Nitakiandikia barua mimi, na nitaomba litumike jiwe jipya kutoka machimbo ya bara.

FUNDI: Sawa. Jiwe jipya, chokaa ya zamani. Nataka mwezi mmoja wa kuizimua.